Salamu Kutoka Kichuguu cha Kilembwe

Gent, tarehe 3 Novemba 2024

Kwa baba mudogo Raphaël, Kilembwe

Baba mudogo, nakusalimu kwa magoti kutoka huku kwenye baridi. Mama mudogo Félicité anaendeleaje na mugongo wake? Batoto wanasoma? Na yule mukorofi mdogo wangu Guy, ameacha kupigana kila siku ya soko au bado? Mwambie chupa yake ya mchwa imefika salama. Barua yake ya mistari mitatu nimeisoma mpaka imechakaa.

Mimi ni mzima. Tangu mlipomzika mama yangu Émilienne bila mimi, kuna siku naamka nikidhani nimechelewa mazishi na bado naweza kukimbia nikawahi. Tuyaache hayo, nisije nikalowesha karatasi.

Uliniuliza mara ya mwisho: "Ulivuka bahari kwenda kusomea mchwa?" Ndiyo, baba mudogo, cheka tu. Wale mchwa Guy aliowatoa kwenye kichuguu cha babu, nimewakata vichwa mmoja mmoja kwa wembe, nimewapasua matumbo, nimewasaga. Mchwa anakula mti ukaisha, jambo ambalo tumbo lako na langu hayawezi. Kwenye mate yake kuna kitu kinaitwa enzime, kinachokatakata ule ugumu wa mti mpaka unageuka sukari. Sisi tunachukua maagizo ambayo mwili wake unatumia kutengeneza mate hayo, tunayapandikiza ndani ya levire, hamira ileile mama aliyokuwa anatia kwenye unga wa beignets, yale maandazi yake. Levire inajifunza kutema mate ya mchwa. Ukiimwagia miti ya muhogo iliyosagwa, ile mnayotupa nyuma ya shamba, inakuwa sukari, na sukari inakuwa pombe kali ya kuwasha jiko. Hakuna mama atakayeenda tena porini kutafuta kuni na kurudi ameraruliwa nguo. Unajua nafikiria nani.

Wenzangu walijaribu mchwa wa nchi zingine, wanafanya kazi kama mlevi aliyepewa jembe. Wa kwetu wanakata! Profesa alipiga meza kwa ngumi. Nakuapia, baba mudogo, hicho kichuguu kina thamani kuliko dhahabu yote ya Fizi.

Lakini enzime moja haitoshi, ni kama mdomo wenye meno ya juu tu. Ya pili sijaipata, na mchwa wangu wameisha. Naomba chupa nyingine, na pombe kali ndani kama ya kwanza ili wasioze, kichuguu hichohicho, mchwa wafanyakazi wa chini, wale wanaokaa karibu na malkia. Nisipofanikiwa kufikia mwezi wa saba, kazi anapewa mwingine na mimi nafunga virago.

Kwa kuwa antene yenu ya simu iliyochomwa haijajengwa, namtumia Arlette wa sekretarieti ya mjini Baraka barua hii kwa simu aichape, na Kezimana mchuuzi aipandishe kwenu pamoja na ndakala zake, dagaa wakavu anaouza.

Binti yako, Vanessa


Kilembwe, tarehe 1 Desemba 2024

Vanessa mutoto yangu,

Jambo sana! Mama mudogo yako Félicité anakusalimu. Mugongo unamuuma, ulimi haumuumi. Batoto bote bazima. Nimbona anakusalimu, ule Murundi mukimbizi tulimupa shamba ya kulima pembeni ya kichuguu, na bibi yake Cassilde vilevile. Guy anakusalimu na jicho moja, ingine imevimba.

Alipigana juu ya kumbikumbi. Unajua desturi yetu: kichuguu iko na mwenyewe sawa vile mbuzi iko na mwenyewe, na hii ni ya babu yako. Mvua ya kwanza imenyesha, kumbikumbi banatoka, na vijana ba ngambo ya mutoni banakuya na ndoo zabo bila haya. Guy akavunja mumoja meno. Nimemugombeza mbele ya bantu bote, na ndani ya nyumba nimemupa paja la kuku. Cha muntu ni cha muntu!

Sasa barua yako. Ee Vanessa! Barua ya Ulaya hapana kusoma chumbani peke yako sawa mwizi. Siku ya Mungu, nyuma ya sala, nilisimama mbele ya mulango wa kanisa nikasoma yote. Mi katekista, sauti niko nayo. Nilipofika fasi ya kukata vichwa, bamama bakapiga kelele. Fasi ya kuni, mama moja akajifunika kitenge usoni. Fasi ya dhahabu nilisoma mara mbili, juu bale ba nyuma nao basikie muzuri. Bote bakageuka kuangalia kule kichuguu iko. Vanessa, tangu baba yako afe sijatembea kifua mbele namna ile.

Guy anaanza kuchimba kesho, Nimbona atamusaidia. Anasema akuletee malkia mwenyewe, umukate kichwa vizuri.

Baba mudogo yako, Raphaël


Gent, tarehe 2 Februari 2025

Baba mudogo,

Salamu zangu kwenu wote, na leo nazifupisha, unisamehe. Chupa haijafika. Barua haijafika. Arlette anasema Kezimana hajashuka Baraka tangu Noeli.

Nilipopata barua yako nilicheka sana: baba mudogo mbele ya kanisa na sauti yake ya Pasaka! Sasa sicheki. Jana Mkongomani mmoja wa hapa ameniambia bunduki zimelia upande wa Kilembwe. Nimepiga kila namba ninayoijua. Wote wananijibu "tutaona".

Wale waliosikia lile neno la dhahabu walikuwa nani? Walikuwa watu wetu tu? Mchwa waache. Niandikie hata mstari mmoja, hata kunitukana, mradi iwe mkono wako.

Vanessa


Kilembwe, tarehe 16 Februari 2025

Kwa Vanessa,

Salamu. Sisi wote tuko vizuri. Mama yako Émilienne anakusalimu sana. Mguu wake umepona, jana alitupikia sombe. Anauliza utakuja lini umuone.

Tumechimba kichuguu mpaka kimo cha mtu mzima, na ile mali hatujaiona. Tueleze bila kuficha. Iko upande gani, wa maji au wa barabara? Inaanza kina gani? Mashine ya kupima inaitwaje? Ile chupa ya kwanza, ulipata ngapi ndani yake, na aliyenunua ni nani?

Jibu haraka, mpe Arlette. Kezimana anangoja Baraka, na mtoto wake amebaki hapa na sisi. Usiongee na mtu mwingine. Watu wengi wanakungoja.

Narudia, mama yako anakusalimu.

Raphaël


Gent, tarehe 18 Februari 2025

Barua ya kupandishwa Kilembwe

Baba mudogo,

Salamu zako zimefika, na za mama Émilienne zimefika zaidi. Mwambie nimemsikia. Mwambie nimemsikia vizuri kabisa.

Sasa nisikilize, na kama kuna wengine hapo nao wasikilize. Acheni kuchimba leo hii! Mlitafuta mali, mali hakuna. Tulidanganyika. Mate ya mchwa wale hayakati mti peke yake, yanakata na nyama ya mtu. Wenzangu wawili waliowashika wako hospitalini, mmoja ameshakatwa mkono. Inaanza kwenye kucha: zinawasha, zinalegea, zinatoka. Halafu vidole vinaoza, na kifua. Dawa haijapatikana. Udongo wa kichuguu chote umejaa ugonjwa huo. Mtu akilala karibu nacho, akivuta vumbi lake, hana muda mrefu.

Anayependa maisha yake aondoke hapo aende mbali, asichukue kitu.

Vanessa


Gent, tarehe 18 Februari 2025

Barua ya pili. Arlette, nakusihi, hii usimpe Kezimana. Ibaki kwako mpaka baba mudogo Raphaël aje Baraka mwenyewe, kwa miguu yake.

Baba mudogo wangu,

Ukisoma hii, umetoka. Asante Mungu.

Mama yuko chini ya udongo, na wewe ndiye uliyemsomea sala ya mwisho. Nilipoona ananisalimu na anapika sombe, nilijua mikono iliyo juu yako si ya ndugu. Umefikiria vizuri! Wangejuaje nani katika ukoo wetu amekufa?

Kila neno kwenye ile barua nyingine ni uongo. Mate ya mchwa hayamdhuru hata mtoto mchanga, mimi niliwashika kila siku mpaka wakaisha. Nilitaka waogope mpaka waache kila kitu na kukimbia. Niliiandika mara nyingi nikaichana, nikitafuta neno la kumtisha mtu mwenye bunduki. Nikaona mtu wa namna hiyo anaogopa kitu asichoweza kukipiga risasi.

Niambie imefanya kazi. Niambie Guy yuko na wewe.

Binti yako


Baraka, tarehe 20 Mei 2025

Vanessa mutoto yangu,

Jambo. Niko Baraka, kwa nyumba ya ndugu ya Félicité, karibu na ziwa. Tumepata fasi ya kulala. Arlette amenipa barua yako ya pili na chai ya sukari mingi, nikasoma nikiwa nimekaa.

Ile ya kwanza ilifanya kazi. Balikimbia siku ileile. Baliacha hata sufuria yabo kwa moto. Hapana uliza mingi. Bale ba bunduki balikuya nyuma kidogo ya siku ya kusoma kule kanisani, bakasema bantu ba Kilembwe banaficha dhahabu ndani ya kichuguu na bazungu banajua. Tulisema ni muchwa. Nani angesadiki? Balinipiga, meno ya mbele hayapo, kwa hiyo sauti ya kusoma imekwisha, sasa napiga filimbi tu. Nimbona balimukata sikio juu alicheka bakisema "dhahabu". Yamepita.

Félicité anakusalimu. Batoto banakusalimu. Kezimana na mutoto yake banakusalimu, bazima. Cassilde anakusalimu. Arlette anakusalimu, na ndugu ya Félicité, na bote ba kanisa ya hapa, hata mbuzi.

Chupa ndiyo hii. Siku ya kwanza ya kuchimba, mbele bale bantu bafike, Guy aliijaza, akaificha ndani ya unga wa muhogo ya mama mudogo yako. Ilikaa pale miezi yote ile. Bakakula unga ya juu, hapana fika chini. Fanya kazi yako.

Raphaël


Gent, tarehe 10 Agosti 2025

Baba mudogo,

Nakusalimu wewe na mama mudogo, na batoto, na nyumba iliyowapokea. Pole ya meno. Pole ya Nimbona.

Chupa imefika, na jino la pili limo! Walinipa mwezi mmoja zaidi, na wiki iliyopita levire yangu imekula miti ya muhogo mbele ya macho ya watu wote, ikabaki maji yenye sukari. Nimeonja kwa kidole, tamu. Watu wa maabara wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Kwa sababu tangu mwezi wa pili, baba mudogo, nimejifunza kusoma salamu zako. Ya Mei nimeisoma mpaka macho yanauma. Félicité yumo. Kezimana yumo. Cassilde yumo, na mumewe hayumo. Umenitumia mpaka salamu za mbuzi!

Guy yuko wapi?

Usinifiche kama mtoto. Nilikuuliza wazi na wewe ukanijibu kwa chupa. Nimeandika na mwezi wa saba, mara mbili, Arlette anasema ulikunja barua ukaondoka. Na kuna kitu kingine: wanaume waliokuwa na haraka ya kukimbia, walifanya nini kabla ya kukimbia? Niambie wewe, kabla sijaambiwa na mpita njia.

Vanessa


Kilembwe, tarehe 12 Oktoba 2025

Vanessa mutoto yangu,

Leo naanza na jambo lenyewe. Salamu zitafuata.

Balituweka pale kichuguuni majuma mengi. Vijana na baume banachimba, mi nakaa kwa meza ya kanisa baliyoileta inje, juu mi ndiye najua kuandika barua kwa mutoto ya Ulaya. Siku ya kwanza komanda alinipa jembe. Guy akalichukua mukononi mwangu, akasema: "Baba mudogo ni muzee, mi nachimba yake na yangu." Bakamupiga kwa ile jeuri, bakamuacha achimbe. Kila siku alichimba na kuimba nyimbo mbaya za soko. Ile jioni niliandika salamu za mama yako, nikapita karibu naye kwenda kunywa maji, nikamwambia pole pole. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema: "Dada atajua tu. Ule hajawahi kudanganywa."

Halafu barua yako ikapanda. Komanda akakusanya bantu bote, akanipa nisome kwa sauti. Nikasoma. Bote bakageuka kuangalia kichuguu, sawa ile siku ya kanisa. Nilipofika fasi ya kucha, nikaona komanda anajipangusa vidole kwa suruali yake. Askari moja akatapika. Vanessa, moyo wangu uliruka. Nikasema ndani ya roho: umebashika, mutoto yangu, umebashika! Guy naye alijua. Alinifumbia jicho moja kule mbali.

Komanda akasema: "Benye ugonjwa basitufuate." Akaamuru bote bainue mikono juu. Ule udongo ni mwekundu, unaujua, hautoki kwa maji peke yake. Mwenye mikono myekundu asimame upande wa kichuguu. Guy, Nimbona, Dieumerci mutoto ya mufinyanzi, na bengine. Hapakuwa na askari alitaka kubagusa, balibasukuma na miti mirefu. Guy akapiga kelele: "Ni uongo! Ni muchwa tu! Angalieni!" Akaokota muchwa na udongo akaweka mudomoni, akatafuna, akafungua mudomo baone. Ile ndiyo ilibaogopesha zaidi. Balipiga risasi kwa mbali, yeye wa kwanza. Halafu bakamwaga mafuta ya jenereta juu yabo bote, juu komanda alisema ugonjwa lazima uungue. Bengine balikuwa bangali banasogea.

Na mi nilisimama na mikono juu. Mikono yangu ilikuwa na wino.

Sikukuandikia. Nilisema nitakufa na hii, na wewe utafanya levire yako na utajua tu Guy iko mbali. Nilipanda huku Kilembwe nikusanye mifupa, nimezika ile nimepata. Mvua ya kwanza imenyesha juzi. Kumbikumbi bametoka, kwa ile fasi iliyoungua, mingi sana. Hakuna muntu alikuya na ndoo, hata bale ba ngambo ya mutoni. Balisimama mbali na kofia mukononi, na ule aliyevunjwa meno alikuwa kati yabo, analia.

Sasa unajua. Utataka kuacha kazi. Ukiacha, nitakuya Ulaya kwa miguu nikuchape, na nakwambia hii kwa hasira, si kwa upole. Muntu alikufa na ile chupa akiwa ameificha vizuri. Na utataka kusema: ni barua yangu. Basi sikia vizuri. Mi nilisoma kweli yako kwa kujivuna, wewe ukaandika uongo kwa kutuokoa, na aliyepiga ni mwenye bunduki. Nimesema hivi kila usiku. Siku moja nitasadiki, na wewe utasadiki.

Barua yako ya mwisho nimesoma peke yangu, kwa sauti ya chini, mulango umefungwa. Hii pia Arlette hataichapa, Kezimana atapiga picha akutumie, juu uone mukono wangu.

Sasa salamu. Mara moja nilikutumia salamu za muntu ambaye hayuko, na mara ingine nilijaza salamu za bengi nikifunika moja. Sitafanya tena. Félicité anakusalimu. Batoto banakusalimu. Kezimana anakusalimu. Cassilde alikusalimu mbele ya kurudi kwa kambi ya bakimbizi na batoto yake.

Guy hakusalimu, mutoto yangu.

Baba mudogo yako, Raphaël